Volkano ya Nyiragongo: Hasara na Faida kwa Biashara ya Mpakani

Mlima Nyiragongo ni volkano hai yenye urefu wa mita 3,470, iliyoko mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kaskazini mwa mji wa Goma. Goma umeshikana na mji wa Gisenyi, Rwanda, hivyo mlima huo ukilipuka, wafanyabiashara wa nchi zote mbili huathirika.

Hasara

Lava ya Nyiragongo ni nyepesi mno na hushuka kwa kasi. Mwaka 1977 kuta za mlima zilipasuka na ziwa la lava lililokuwa kileleni likamwagika lote kwa muda usiozidi saa moja.

Tarehe 17 Januari 2002, lava ilipita katikati ya Goma, ikaunguza maduka na maghala, ikafunika sehemu ya njia ya ndege na kuingia Ziwa Kivu. Zaidi ya watu 100,000 walipoteza makazi, na mamia ya maelfu walikimbia, wengi wao wakivuka kwenda Gisenyi. Siku chache baadaye kituo cha mafuta kililipuka na kuua makumi ya watu waliokuwa wakichota mafuta karibu na lava iliyokuwa bado ya moto.

Jioni ya tarehe 22 Mei 2021 mlima ulilipuka tena bila tahadhari kutolewa. Zaidi ya watu 30 walikufa. Lava ilisimama karibu na uwanja wa ndege, lakini ilikata barabara kuu ya kwenda Rutshuru na Butembo, ambayo hupitisha chakula cha kuuzwa Goma. Matetemeko yaliyofuata yalipasua nyumba na barabara Goma na Gisenyi, na tarehe 27 Mei wakazi wa sehemu kubwa ya Goma waliamriwa kuhama.

Hatari nyingine ni mazuku, yaani gesi ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini na kutuama mabondeni, hasa kati ya Goma na Sake. Gesi hii haina harufu wala rangi, na ni nzito kuliko hewa. Huua mbuzi na ng'ombe, na pia watu wanaolala au kuinama mahali ilipojikusanya.

Faida

Majivu na mawe ya volkano yakimeng'enyuka huipa ardhi rutuba. Ndiyo maana Masisi, Rutshuru na, kwa upande wa Rwanda, wilaya za Rubavu na Musanze, hutoa viazi mviringo, maharage, mboga na pareto kwa wingi. Lava iliyopoa nayo ni mali: mawe yake meusi hujengea misingi na kuta, na hupondwa kuwa kokoto.

Ziwa Kivu lenyewe lilipata umbo lake baada ya volkano za Virunga kuziba njia ya maji ya kuelekea kaskazini. Vilindi vyake vina kaboni dioksidi na methani nyingi. Kiwanda cha KivuWatt huko Karongi, Rwanda, kilichozinduliwa mwaka 2016, huzalisha megawati 26 za umeme kwa methani hiyo. Aidha, volkano na sokwe wa Virunga wamekuwa kivutio kikubwa cha watalii.

Mambo ya kuzingatia

Kituo cha Uchunguzi wa Volkano cha Goma hufuatilia mlima huo, na hali ya hatari hutangazwa kwa rangi, kuanzia kijani hadi nyekundu. Hata hivyo, mlipuko wa 2021 ulionyesha kuwa tahadhari inaweza kuchelewa. Kwa hiyo:

- Mfanyabiashara asiweke shehena yote katika ghala moja la Goma, na nakala za hati za forodha zihifadhiwe pia mahali pengine.
- Dereva asiegeshe lori bondeni usiku, wala asilale chini ya gari.
- Mafuta yasihifadhiwe wala kuchotwa karibu na lava, hata kama juu imeonekana kupoa.
- Barabara ya kaskazini ikikatika, msafirishaji aulize kwanza hali ya njia nyingine na usalama wake kabla ya kupakia, hasa bidhaa zinazooza.