Mayai Matatu ya Cape Crozier

Mnamo mwaka 1911, katika usiku mrefu wa Antaktika ambao jua halichomozi kwa miezi, Waingereza watatu wa msafara wa Kapteni Scott, nao ni Edward Wilson, Henry Bowers na Apsley Cherry-Garrard, waliazimu kwenda kwa miguu hadi Cape Crozier kutafuta mayai ya pengwini wakubwa kupita wote, ambao, ajabu ya Mola, huatamia katikati ya kipupwe, na dume ndiye alichukuaye yai juu ya miguu yake, pasipo kula, takriban miezi miwili. Wilson alidhani kuwa kijusi cha ndege huyo kingebainisha nasaba iliyopo baina ya ndege na wanyama watambaao. Baridi ilipita nyuzi 60 chini ya sifuri, nguo zikaganda kama mbao. Kisha tufani ikalipeperusha hema lao, na lau wasingalilipata tena, wasingalirudi hai. Walitwaa mayai matano, mawili yakavunjika.

Wilson na Bowers walifariki pamoja na Scott mwaka uliofuata, wakirejea kutoka Ncha ya Kusini. Cherry-Garrard aliyapeleka matatu yaliyosalia kwenye makumbusho ya London mwaka 1913, akapokewa kwa dharau ambayo, kwa rai yangu, haina udhuru. Ripoti ya mwaka 1934 ilisema kwamba hayakuongeza elimu kubwa.