Barabara ya Malindi: Nani Alisema Hiki ni Kioja?

Kuna aina moja ya video imenichosha. Mtu anapita barabara ya Mombasa kwenda Malindi, anatoa simu dirishani mwa matatu, anatia muziki, anaandika "vioja vya Pwani", basi. Mbuyu mnene kama nyumba, twende. Mnara mweupe juu ya mwamba, twende. Vyuma vimesimama katikati ya bahari, twende. Sekunde 15, kwisha.

Sisemi watu waache kurekodi. Hata mimi ndiyo kazi yangu. Ninachosema ni kwamba barabara hii ina ajabu kubwa kuliko hizo video, na kila ajabu ina swali lake: nani alipita akashangaa, na mwenyeji alipata nini au alipoteza nini? Hebu twende polepole, usiharakishe makanga.

Tuanze na msafiri mwenye shingo ndefu. Mwaka wa 1415 wajumbe wa Malindi walifika Uchina na twiga, zawadi kwa mfalme Yongle. Mwaka uliotangulia twiga mwingine alikuwa amepelekwa huko kutoka Bengal. Wale watu wa ikulu hawakusema, "Aa, huyu ni mnyama wa Afrika." Walisema ni qilin, mnyama wa hadithi zao ambaye huonekana tu pale mfalme mwema anapotawala. Fikiria hapo. Mnyama ambaye huku kwetu anatafuna majani ya migunga hana habari na mtu, akifika kule anakuwa ushahidi kwamba serikali imebarikiwa.

Na usidhani hiyo ni hadithi ya upande mmoja. Mwaka wa 2010, hapo Mambrui, ng'ambo kidogo ya daraja la Sabaki, wachimbaji wa mambo ya kale kutoka Kenya na Uchina walipata sarafu ya shaba yenye jina la enzi ya huyo huyo Yongle. Mambrui! Mahali ambapo wengi wetu tunapita tukiwa tumelala, mdomo wazi.

Mimi nikisoma habari ya twiga, kinachonifurahisha si yule mfalme. Ni watu wa Malindi. Walijua wana nini, walijua kinaweza kumshangaza nani, wakapanda jahazi wakaenda. Walikuwa wafanyabiashara na wanasiasa. Hakuna aliyekuja "kuwagundua". Kioja walikifunga kamba wenyewe wakakipeleka.

Sasa songa mbele miaka 80 na kitu. Aprili 1498 Vasco da Gama anafika Malindi akitoka Mombasa, ambako mambo yalikuwa yamemharibikia. Mfalme wa Malindi anampokea vizuri. Kwa nini? Wengi husema "ukarimu wa Pwani", na kweli sisi ni wakarimu, lakini jamani, tusijifanye watoto. Malindi na Mombasa walikuwa na uhasama wa biashara. Mgeni mwenye mizinga aliyegombana na adui yako ni mgeni wa kupewa kiti. Basi akapewa chakula, akapewa na rubani wa kumvusha bahari hadi India. Kufikia Mei alikuwa ameshafika Calicut.

Ndiyo ule mnara mweupe wenye msalaba wa jiwe pale ufuoni. Kila mtu ana picha pale. Mnara una jina la aliyepita. Yule rubani aliyejua nyota, pepo za kusi na njia ya bahari, hana hata kibanda. Wengine humwita Ahmad ibn Majid, yule bingwa wa ubaharia wa Oman, lakini wanahistoria wengi wa leo hawakubali, na waandishi wa Kireno wa baadaye wanamtaja kama mtu wa Gujarat. Kwa hivyo tuna alama ya barabarani ya abiria, na dereva hata jina lake tunabishania.

Na Malindi ilipata nini kwa ule urafiki? Miaka karibu 100 baadaye, Wareno walipoishinda Mombasa, walianza kujenga Fort Jesus mwaka wa 1593, wakahamishia nguvu zao huko. Hata mtawala wa Malindi aliyekuwa rafiki yao akahamia Mombasa kutawala kule. Malindi ikabaki inafifia, mpaka katikati ya miaka ya 1800 Sultani wa Zanzibar alipoifufua kwa mashamba, mashamba yaliyolimwa na watumwa. Ukipiga picha ya mnara, hiyo yote imo ndani ya picha. Haionekani, lakini imo.

Tuvuke Sabaki. Maji mekundu kama chai ya tangawizi iliyozidi majani, mto uleule unaoitwa Athi kule juu na Galana katikati. Ukifika Gongoni utaona chumvi imerundikwa vilima vyeupe chini ya jua kali. Hapo shika boda uingie Ngomeni, kijiji cha wavuvi, kisha tazama baharini. Kule mbali vimesimama vyuma kwa miguu, kama kaa wakubwa waliosahaulika.

Mgeni mmoja niliyekutana naye kwenye kibanda cha viazi karai aliniuliza kama ni mafuta yanachimbwa. Kabla sijajibu, mzee aliyekuwa akishona wavu pembeni akasema, "La, mwanangu. Hapo ndipo palirushwa roketi." Yule mgeni akacheka akidhani anataniwa. Mzee hakucheka. Akaendelea na wavu wake.

Mzee alikuwa sahihi. Hayo ni majukwaa ya San Marco, mradi wa Italia. Roketi ya kwanza kubeba setilaiti kutoka hapo iliruka Aprili 1967, na ya mwisho mwaka wa 1988. Kwa nini Ngomeni? Kwa sababu iko karibu na ikweta, na dunia ikizunguka kuelekea mashariki, pale ikweta ndipo mzunguko una kasi zaidi. Roketi inayoelekea upande huo hupata msukumo wa bure. Tena mashariki ya Ngomeni ni bahari tupu, kitu kikianguka hakimwangukii mtu. Yaani jiografia ileile iliyompa mvuvi pepo zake ndiyo iliyowaleta wanasayansi.

Tarehe 12 Desemba 1970, Jamhuri Dei, setilaiti ya Marekani ilirushwa kutoka hapo. Kwa kuwa ilikuwa sikukuu ya Kenya, wakaipa jina la Uhuru. Ilikuwa setilaiti ya kwanza iliyotengwa kwa kazi ya kutafuta miale ya eksirei kutoka angani, na ilisaidia wanasayansi kushuku kwamba kile kinachoitwa Cygnus X-1 ni shimo jeusi. Mkuu wa utafiti huo, Riccardo Giacconi, alipata tuzo ya Nobel mwaka wa 2002. Neno la Kiswahili limo kwenye vitabu vya fizikia ya anga duniani kote, na lilitokea Ngomeni. Mimi nimemaliza shule nzima Kilifi bila kulisikia darasani hata mara moja.

Hadi hapo unaweza kusema, sawa, vioja vitamu, tumejifunza. Lakini kuna kimoja ambacho hakichekeshi, na ndicho kilichonifanya niandike.

Ukiacha lami ukaingia vijiji vya Wagiriama, zamani ungeweza kuona nguzo za mbao zimesimama karibu na boma. Nyembamba, ndefu, zimechongwa vipembe vitatu vitatu, juu kichwa cha duara. Ni vigango. Kigango husimamishwa kwa ajili ya mzee aliyekuwa wa chama cha Gohu baada ya kufariki, ili koma yake itulie na watu wa nyumbani wapone. Kikishasimamishwa hakihamishwi. Hata ukoo ukihama, chenyewe kinabaki pale mpaka kilike na mchwa, kirudi udongoni.

Sasa msafiri anapita, anaona nguzo mwituni, hakuna mlinzi. Anasema: kioja kizuri! Na akishasema hivyo, kuna dalali amesikia. Kuanzia miaka ya 1970 na 1980 vigango vilikuwa vinang'olewa usiku, vinauzwa kwa wenye maduka ya vinyago, vinasafirishwa nje. Watafiti walikuja kuhesabu mamia katika makumbusho ya Marekani. Mzee mmoja alipigwa picha na mtafiti mwaka wa 1985 akiwa kando ya vigango viwili vya ndugu zake. Muda mfupi baadaye vikaibwa. Ilikuwa ile picha ndiyo iliyosaidia kuvitambua, kimoja Illinois, kingine katika Chuo Kikuu cha Hampton, Virginia. Vilirudishwa 2006 na 2007. Yule mzee alikuwa ameshafariki, hakuviona tena. Makumbusho ya Denver nayo ilirudisha vingine 30, vikafika Kenya 2019.

Na tusiwalaumu wageni peke yao. Mgeni hajui njia ya kijijini. Kuna kijana wa hapa hapa, mwenye njaa au mwenye tamaa, aliyemwonyesha. Rubani mwingine huyo, ila huyu alimvusha mtu hadi kwenye kaburi la babu yake mwenyewe.

Ndiyo maana neno "kioja" silichukulii mchezo. Twiga aliitwa muujiza, Malindi ikapata heshima. Mnara ukawa kivutio, rubani akasahaulika. Jukwaa likaachwa litazamwe kwa mbali, na watoto wa Ngomeni hawafundishwi kilichoruka mbele ya macho ya babu zao. Kigango kikaitwa sanaa, familia ikabaki na shimo ardhini. Kila mara aliyetoa jina ndiye aliyeamua kitu kiende wapi.

Kwa hivyo, wenzangu wa kamera, ombi langu ni dogo. Kabla hujarekodi kitu kando ya barabara hii, shuka. Nunua dafu, amkia mzee aliye karibu, uliza: hiki kinaitwaje, na ni cha nani? Akikujibu, weka jibu lake kwenye video, kwa sauti yake kama ameridhia. Akikwambia, "Mwanangu, hiki hakipigwi picha," rudisha simu mfukoni. Na usimwambie mtu kilipo.