Unga wa Chapati za Bungu

Kwetu Bungu, chapati ya asubuhi ikipata mchuzi wa nazi, ujue kuna mgeni. Mama hukanda unga wa ngano kwa maji ya uvuguvugu, chumvi na mafuta kidogo, huuacha utulie, halafu ndipo husukuma. Jiko la pili lina uduvi unaochemka katika tui jepesi, nyanya na vitunguu. Tui zito huingia mwishoni, na hapo mwiko haupumziki mpaka mchuzi uwe mzito. Kusini mwa Marekani wana chakula cha asubuhi kinachofanana na hiki, vimkate vya ngano na mchuzi mweupe wa soseji, ila wa kwao huongezwa uzito kwa unga na maziwa. Wetu hutegemea nazi, na minazi ipo uani. Ngano ndiyo haipo.

Swali la unga huo lilinijia nilipoanza kusoma historia ya ardhi kwa shahada ya uzamili. Ngano haistawi pwani. Zao la bonde la Rufiji ni mpunga, na katika karne ya 19 mchele wa huku ulivushwa hadi Zanzibar. Ndiyo maana bibi yangu, mzaa mama, aliita kitumbua "mkate", lakini chapati aliiita chapati tu.

Bibi alizaliwa bondeni. Baada ya mafuriko ya 1968, Operesheni Rufiji iliwahamishia watu wa bondeni kwenye miinuko, miaka kadhaa kabla ya operesheni za vijiji kuenea nchi nzima. Familia yake ilipelekwa upande wa Ikwiriri. Mama akaja kuolewa Bungu. Sababu za serikali zilieleweka: usalama, shule, zahanati. Lakini mafuriko hayohayo ndiyo yaliyorutubisha mashamba ya mpunga, na maji yakishapungua watu walipanda tena kwenye unyevu uliobaki, kilimo wanachokiita mlau. Miinukoni hakuna mlau. Kuna mihogo na mikorosho.

Karibu na wakati huohuo, kule Hanang, serikali kwa msaada wa Kanada ilianzisha mashamba makubwa ya ngano. Yalipanuka hadi kufikia takriban ekari 100,000, kwenye malisho ya Wabarabaig. Wanakijiji wa Mulbadaw walilishtaki shirika la umma la NAFCO, wakashinda Mahakama Kuu mwaka 1984. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ikatengua ushindi huo.

Sisemi chapati zetu zote zilitoka Hanang. Ngano nyingi imekuwa ikija kwa meli. Ila darasani visa hivi viwili tulivisoma katika mada tofauti, kimoja chini ya ujamaa na kingine chini ya misaada ya nje, na mimi naona vinapaswa kusomwa pamoja. Mkulima aliondolewa kwenye mpunga wake, mfugaji akaondolewa kwenye malisho ili ngano ipandwe.

Watu wa bonde hawakuliacha. Kila msimu walishuka, wakaishi kwenye madungu wakifukuza ndege na nguruwe, kisha wakapanda juu na mavuno. Bibi alishuka hivyo mpaka magoti yalipomkatalia. Mchele wake wa vitumbua ulitufikia Bungu kwa basi, ndani ya kiroba kilichowahi kubeba unga wa ngano.