Ibara ya 7 na Mlango wa Haki ya Kuishi

Katika Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977, Sehemu ya Pili ya Sura ya Kwanza, iliyoingizwa kwa mabadiliko ya mwaka 1984, imebeba malengo muhimu na misingi ya mwelekeo wa shughuli za Serikali, yaani ahadi za sera kama zile za Ibara ya 11 kuhusu kazi na elimu. Ibara ya 7 inavitaka vyombo vyote vya dola, vikiwemo vya utoaji haki, viizingatie na kuitekeleza misingi hiyo, lakini ibara ndogo ya pili inakataza mahakama yoyote kuitilia nguvu ya kisheria. Jaji amepewa wajibu akanyimwa nyenzo.

Mpangilio huo una nasaba. Ireland iliweka misingi ya namna hiyo nje ya mamlaka ya mahakama katika Katiba yake ya 1937, na India ikafuata nyayo hizo katika Katiba iliyoanza kutumika tarehe 26 Januari 1950. Hoja ya watungaji haikuwa dhaifu, kwa kuwa shule hujengwa kwa fedha, na fedha hugawanywa na Bunge. Hata hivyo, Katiba ya India ililenga watoto wapate elimu ya bure hadi umri wa miaka 14 ndani ya miaka 10. Ikapita miaka 43, hata mwaka 1993 Mahakama ya Juu, katika shauri la Unni Krishnan, ikaamua kwamba elimu hiyo imo ndani ya haki ya uhai, ambayo mahakama ina uwezo wa kuilinda.

Tanzania nayo ilipita njia hiyohiyo. Mahakama zilianza kuisimamia Hati ya Haki mwezi Machi 1988, na mwaka huohuo wakazi wa Tabata, Dar es Salaam, waliokuwa wakisumbuliwa na harufu na moshi wa dampo, waliishtaki Halmashauri ya Jiji na kushinda. Jiji liliporudi kuomba muda zaidi wa kumwaga taka hapo, Jaji Lugakingira alikataa, akiegemea Ibara ya 14 inayolinda haki ya kuishi. Uamuzi huo unastahili heshima kubwa, ingawa mlango alioupitia ni mwembamba: moshi unaohatarisha uhai huthibitishika mahakamani, ilhali madhara ya kukosa shule au kazi humla mtu polepole, na kwa hayo Ibara ya 7 ingali imefunga njia.