Mzungu wa Kazi

Nilisomea ualimu Mpwapwa, na kwa muda wote niliokaa pale sikujua kwamba mwaka 1877 alifika hapo fundi mmoja Mskoti, akisimamia ukataji wa barabara ya maili 230 hivi kutoka Saadani, pwani. Jina lake Alexander Mackay. Habari zake nimezisoma baada ya kustaafu, nazo zimenirudisha kwenye kosa langu la zamani.

Mackay alizaliwa mwaka 1849 katika kijiji cha Rhynie, Uskoti. Baba yake alikuwa mchungaji, akatamani mwanawe amfuate. Lakini mtoto alipenda kumtazama mhunzi akifua chuma. Mwaka 1867 aliingia chuo cha ualimu Edinburgh. Kumbe alikuwa mwalimu mwenzetu! Baadaye alisomea uhandisi, na mwaka 1873 akaenda Berlin kufanya kazi ya kuchora na kuunda mitambo. Mwaka 1875 gazeti moja la London lilichapa barua ya Stanley iliyoomba walimu wa dini kwa ajili ya Kabaka Mutesa wa Buganda. Stanley hakutaka wahubiri watupu. Alitaka watu wanaoweza kujenga, kutibu na kulima. Mackay akajitoa kwa chama cha misheni cha CMS, na mwaka 1876 akashuka Unguja.

Barabara ile haikumfaidia kama alivyotumaini, kwa sababu ng'ombe wa kukokota magari walikufa njiani. Akaendelea kwa miguu. Ziwani alikuta mashua ya misheni, iliyoitwa Daisy, imeharibika; akaitengeneza. Ilipovunjika tena ufukweni, yeye na mwenzake waliondoa kipande cha katikati wakaunga tezi na omo, wakasafiri katika mashua iliyopungua urefu. Novemba 1878 alifika Buganda.

Huko alijenga karakana na kufundisha vijana useremala na uhunzi. Alichimba kisima na kukitia pampu, watu wakashangaa kuona maji yakipanda juu. Alichonga herufi za mti kwa mkono wake, akapiga chapa karatasi za kusomea katika Kiganda. Mama yake Mutesa alipofariki mwaka 1882, Mackay ndiye aliyeombwa kutengeneza majeneza, la shaba likiwamo. Watu walimwita "Mzungu wa kazi". Kwangu mimi hilo ni jina la heshima kuliko cheo chochote, maana lilitolewa na waliomwona kila siku.

Mutesa alifariki mwaka 1884, akatawala mwanawe Mwanga. Januari 1885 wavulana watatu wa misheni waliuawa kwa kuchomwa moto, na mwaka uliofuata wakauawa wengine wengi. Mackay hakukimbia, aliendelea kufundisha na kupiga chapa mpaka alipofukuzwa mwaka 1887. Akahamia Usambiro, kusini mwa Ziwa, upande ambao leo ni Tanzania. Stanley alipopita mwaka 1889 alimkuta bado yumo katika kazi zake za ufundi. Hakukubali kuondoka naye. Februari 1890 homa ilimwua, akiwa na miaka 40 tu. Kwa miaka 14 hakurudi kwao hata mara moja. Mwaka 1927 mabaki yake yalizikwa upya Namirembe.

Simfanyi malaika. Aligombana sana na mapadre Wakatoliki na Waislamu pale barazani kwa Kabaka, tena alitamani Waingereza waingilie nchi ile. Na mwaka 1894 wakaifanya himaya yao. Hayo nayo ni sehemu ya habari zake. Ila kwake randa na Injili havikutengana. Hakuona kwamba anaacha utumishi wa Mungu anaposhika nyundo.

Mimi nilivitenganisha. Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, nami niliifundisha vizuri sana ubaoni. Lakini nilipokuwa mkuu wa shule, mwanafunzi akichelewa adhabu yake ilikuwa jembe, na aliyeshindwa hesabu alipelekwa karakana. Kijana mmoja aliniletea kigoda alichokichonga mwenyewe, kizuri, kimenyooka. Sikukitazama. Nilimwuliza mbele ya wenzake, "Daftari la hesabu liko wapi? Au unataka kuishia seremala?" Darasa lilicheka. Nami nilicheka.

Akawa seremala kweli. Mabenchi tunayokalia kanisani kwetu ni kazi ya mikono yake, na sehemu kubwa hakudai malipo. Mwaka jana alikuja kunitengenezea mlango.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu."

Nilitaka kumwomba radhi, maneno yakanikwama kooni, mimi niliyehutubia mahafali mangapi! Alikunjua futi kamba, akatafuta kwa macho pa kuishikizia. Nikainama, nikamshikia ule upande wa pili. Ndipo nikaweza kusema.