Kitasa cha Jangwani

Sehemu ya Kwanza: Tatu bila

Mwamuzi alipopuliza filimbi ya mapumziko, ubao wa Uwanja wa Taifa ulisomeka Yanga 3, Simba 0. Mrisho Ngassa ndiye aliyefungua kapu, Hamis Kiiza akatupia mawili, na upande wa kijani na njano watu hawakuuliza tena nani atashinda. Waliuliza zitakuwa ngapi. Ilikuwa Jumapili, Oktoba 20, 2013.

Walikuwa na deni la kulipa. Mei 6 ya mwaka uliotangulia Simba aliwachapa 5-0, na tangu hapo mtu wa Yanga hakupita Mtaa wa Msimbazi, kwa Simba, kwa amani. Muuza machungwa akimwona, anamwonyesha vidole vitano. Mchukuzi mwenye gunia la vitunguu kichwani anasimama, anautoa mkono mmoja kwenye mzigo, naye anamwonyesha vitano. Hata mama ntilie akimpakulia wali anamuuliza kama aongeze maharage vijiko vitano. Sasa tatu zilikuwa zimepatikana ndani ya dakika 45, na jukwaani hesabu ilikuwa nyepesi: nyingine tatu kipindi cha pili, jumla sita, tano za mwaka jana zimefutika.

Katikati ya ulinzi wa Yanga alikuwepo nahodha, jezi namba 23. Anaitwa Nadir Haroub Ali, lakini nchi nzima inamjua kwa jina la Cannavaro, la yule nahodha wa Italia aliyenyanyua Kombe la Dunia mwaka 2006. Mzanzibari huyu alivuka bahari akaja Jangwani, kwa Yanga, kufanya kazi moja tu, kuzuia watu wasipite.

Niseme mapenzi yangu mapema, msomaji wangu, ili tuelewane. Mimi ni mtu wa mabeki. Watoto wa Kariakoo wakigawana majina kabla ya chandimu, kila mmoja anataka kuwa mfungaji, na ubeki anabebeshwa yule aliyechelewa kufika. Huyo aliyechelewa ndiye ninayemtazama mimi. Mshambuliaji akikosa mara nne akafunga ya tano, anabebwa mabegani. Beki akiokoa mara nne akateleza ya tano, jina lake linakaa vijiweni mwaka mzima.

Cannavaro alikuwa beki wa kugusana. Mshambuliaji akipokea mpira huku amelipa goli mgongo, alikuta kifua kimeshafika. Mpira wa juu Cannavaro aliuendea kwa paji la uso, macho wazi, akijua fika kwamba kiwiko cha mtu kinakuja. Hakuwa na chenga za kuwaamsha watu kwenye viti. Alikuwa na sauti, na aliitumia tangu dakika ya kwanza hadi ya mwisho kuwapanga wenzake. Pembeni yake alisimama Kelvin Yondani, pacha wake, ambaye mwaka 2012 aliivua jezi nyekundu ya Msimbazi akaja kuvaa ya Jangwani. Uhamisho huo ulizua maneno ambayo wazee wa Kariakoo bado wanayo.

Kwa asiyeijua Kariakoo, kutoka jengo la Simba pale Msimbazi mpaka jengo la Yanga, kona ya Twiga na Jangwani, huhitaji nauli. Ni mwendo wa miguu. Beki akifungwa Jumapili, Jumatatu hana pa kupita ambapo hakuna aliyemfunga. Ndiyo maana Cannavaro na Yondani walikuwa wanalinda amani ya mtu wao wa mwisho kule sokoni, na ndiyo maana mapumziko ya tatu bila yalikuwa matamu vile.

Kipindi cha pili kikaanza. Abdallah Kibadeni, kocha wa Simba, alikuwa ameingiza vijana wenye miguu mibichi, na mpira ukabadilika upande. Betram Mwombeki akafunga. Tatu moja. Jukwaa la Yanga likaendelea kuimba, maana moja si kitu. Hazikupita dakika nyingi, Joseph Owino akafunga la pili. Nyimbo zikapungua. Owino ni beki wa kati, Mganda, mtu ambaye kazi yake ilikuwa nyuma kabisa kwenye upande mwingine wa uwanja, na sasa alikuwa amepanda mpaka kwenye boksi la mabeki wenzake akafanya alichofanya.

Dakika zikasonga. Yanga wakaosha, Simba wakarudisha. Yanga wakaosha tena, Simba wakarudisha tena. Zikiwa zimebaki dakika chache, mpira ukaelekea langoni mwa Yanga kwa mara nyingine, na ndani ya msitu wa miguu na mabega alikuwemo mtu ambaye naye hakustahili kuwa pale. Beki mwingine wa Simba, Mrundi Gilbert Kaze, alikuwa ameliacha lango lake wazi nyuma.

Hakuna aliyemkaba.

Sehemu ya Pili: Mji wa barafu

Kaze akafunga. Tatu kwa tatu, na filimbi ya mwisho ikalia hivyo hivyo.

Kwenye vitabu vya ligi ile ni sare, kila timu pointi moja. Kariakoo haisomi vitabu hivyo. Jumatatu asubuhi watu wa Msimbazi walitembea kama waliotwaa ubingwa, na wa Jangwani walishuka kwenye daladala vituo viwili kabla. Na mimi, kwa mapenzi yangu yaleyale, sikuacha kufikiria jambo moja: kati ya mabao matatu ya Simba, mawili yalifungwa na mabeki. Mabeki wa Msimbazi walikwenda mbele wakawaibia mabeki wa Jangwani mbele ya Tanzania nzima.

Wengi wa waliomzomea Cannavaro wiki ile walikuwa wamesahau kwamba mtu huyu alishawahi kutoka. Mwaka 2009 yeye na mchezaji mwenzake Nizar Khalfan walipanda ndege mpaka pwani ya magharibi ya Canada, kwenye klabu ya Vancouver Whitecaps, iliyokuwa ikicheza daraja la pili la soka la Amerika Kaskazini. Nizar alibaki huko hadi Whitecaps walipopanda kuingia Ligi Kuu ya huko mwaka 2011. Cannavaro alirudi Jangwani.

Vancouver ni mji wa magongo ya barafuni. Mwaka ule alioonekana huko Mzanzibari wetu, mji ulikuwa ukijiandaa kwa Olimpiki ya majira ya baridi ya 2010, na siku ile Canada walipoifunga Marekani 3-2 katika fainali ya magongo, Februari 28, nchi nzima iliingia barabarani. Katika mchezo huo beki huvaa kofia ngumu na ngao za mabegani, na sheria inamruhusu amfuate mwenye kile kisahani cha mpira mgumu, ampige bega, ambandike ukutani. Watu hushangilia bega lile sawasawa na bao. Yapo majina ya mabeki ambayo kule yanatajwa na wazee kwa heshima, na mengi kati yao hayakufunga mabao ya kuhesabika. Walijulikana kwa kuumiza na kuumia.

Hapa kwetu beki wa namna hiyo anaambiwa hana mpira, ana ubavu. Nimelisikia neno hilo likisemwa juu ya Cannavaro na watu wa Yanga wenyewe, siku za kufungwa. Linaniuma kila mara. Ubavu ule ndio uliowapa usingizi misimu mingi.

Mwaka ukaisha vibaya zaidi. Desemba 21, 2013, mechi ya Nani Mtani Jembe, Simba 3, Yanga 1. Kocha wa Yanga, Mholanzi Ernie Brandts, akafungashiwa virago. Januari akaja Mholanzi mwingine, Hans van der Pluijm, akakuta chumba chenye majeraha na wachezaji wapya wenye historia nzito. Emmanuel Okwi alikuwemo, Mganda yule aliyeifungia Simba mabao mawili kati ya matano ya 2012. Juma Kaseja naye alikuwemo.

Hapa inabidi tusimame kidogo, kwa sababu jina la Kaseja ndilo lenye mzigo wa hadithi yote. Mwaka 2003 Simba ilikutana na Zamalek ya Misri, bingwa mtetezi wa Afrika. Dar es Salaam Simba ilishinda 1-0. Cairo ikafungwa 1-0. Zikapigwa penalti, na golini alikuwa Kaseja, kijana mdogo wa umbo, huku Boniface Pawasa na Victor Costa, yule waliyemwita Nyumba, wakiwa wamebeba ulinzi uliofikisha mechi huko. Simba akapita. Bingwa wa Afrika akavuliwa taji kwake. Kwa miaka zaidi ya kumi, ubishi wowote wa Kariakoo ukimshinda mtu wa Msimbazi, alikuwa na karata hiyo mfukoni. Alikuwa anaitoa, anaiweka mezani juu ya kahawa, na mtu wa Jangwani ananyamaza. Hakuwa na ya kujibu.

Februari 2014 Yanga wakaingia Ligi ya Mabingwa. Komorozine ya Comoro wakapigwa 7-0 Dar es Salaam na 5-2 kwao. Ilikuwa rahisi mno, na kila mtu alijua kwa nini hakuna aliyesherehekea.

Raundi iliyofuata mgeni alikuwa anatoka Misri. Bingwa mtetezi wa Afrika.

Sehemu ya Tatu: Dakika ya 82

Al Ahly walitua Dar es Salaam wakiwa na makombe manane ya Ligi ya Mabingwa, la karibuni zaidi likiwa la 2013, na lililotangulia la 2012. Jezi yao ni nyekundu. Mtu wa Msimbazi hakuhitaji sababu nyingine ya kumpenda mgeni, na kwa utani wetu wa jadi wapo waliolipa kiingilio kwenda kumshangilia.

Jumamosi, Machi 1, 2014. Wale Wamisri wakacheza mpira wa watu waliokwisha kuona kila kitu: pasi fupi, kuanguka, kukawia kwenye mpira wa kurusha. Sare bila mabao ugenini iliwatosha. Cannavaro na Yondani wakala na washambuliaji wao sahani moja. Kipindi cha kwanza, hakuna. Dakika ya 60, hakuna. Dakika ya 75, hakuna, na watu wa Jangwani wakaanza kujiambia kwamba bila kufungwa nyumbani si haba.

Dakika ya 82 Yanga wakapata kona.

Nahodha akauacha mstari wake. Akakimbia uwanja mzima, akapita katikati ya viungo wake, akaingia kwenye boksi la Al Ahly kama Owino na Kaze walivyoingia kwenye la kwake miezi minne na ushee kabla. Mpira ukapigwa, ukapaa. Akaruka kwa paji la uso, macho wazi, na kiwiko hakikumfikia. Bao.

Yanga 1, Al Ahly 0. Amefunga beki.

Siwezi kukueleza Kariakoo ya usiku ule ikakuenea. Honi za pikipiki zilitoka Jangwani zikazunguka Msimbazi na kurudi, na vijana walipita mbele ya jengo la Simba wakiwa wamenyanyua kidole kimoja. Muuza machungwa wa vidole vitano alikuwa amekwisha kufunga meza yake mapema. Lakini wazee wa Msimbazi walikaa kwenye kahawa yao wakisema kwa sauti ya chini, na walichosema kilikuwa kweli: nasi tulishinda moja bila hapa, kazi yenyewe iko Misri.

Machi 9, Alexandria. Redio ziliwekwa madirishani. Yanga wakajaza watu nyuma, na Cannavaro akaosha kila kilichomfikia, kwa kichwa, kwa goti, kwa mgongo. Mapumziko, bila bila. Kipindi cha pili Al Ahly wakapata walichokitafuta. Moja bila. Jumla ya mechi mbili, moja kwa moja. Zikabaki dakika ambazo bao moja la Wamisri lingemaliza kila kitu, na bao hilo halikuja. Ukuta ukasimama hadi filimbi.

Sasa tazama jinsi mambo yalivyojipanga. Moja bila Dar es Salaam. Moja bila Misri. Bingwa mtetezi wa Afrika mbele yako. Penalti. Ni yale yale ya Simba na Zamalek, tofauti ni rangi ya jezi tu, na kipa yule wa Cairo sasa ni mtu wa Jangwani. Ila golini leo amesimama Deogratius Munishi, Dida.

Nahodha amepiga yake. Beki tena mbele ya goli la mtu, na tena amefunga. Dida amepangua. Oscar Joshua amekosa. Hesabu imepanda, imeshuka, imepanda, mpaka imefika mahali ambapo mpigaji anayefuata wa Yanga akifunga, Al Ahly wametoka, na ile karata ya 2003 itapata mwenzake mezani. Mtaa wa Msimbazi, watu waliokuwa wanacheka wamenyamaza. Mtaa wa Twiga wapo waliogeuza nyuso ukutani.

Kutoka kwenye duara la kati anatembea kijana mmoja peke yake, Said Bahanuzi. Nyuma yake Cannavaro hana cha kuosha, hana wa kumzuia. Bahanuzi anaufikia mpira. Anauweka kwenye doti, anarudi nyuma hatua kadhaa, anamtazama kipa wa Al Ahly, anaanza kukimbia.

*Itaendelea Jumamosi ijayo.*