Homa ya Mbulu na jicho la hadubini

Wiki hii tupande Mbulu. Ukitoka kwenye baridi ya Kainam, nchi ya Wairaqw, ukateremka hadi Bonde la Yaeda kuelekea Ziwa Eyasi, umeacha mahali ambapo mbu wa malaria huishi kwa taabu na kuingia mahali ambapo yuko kwake. Hanang nako mlima unapita mita 3,400, na chini yake ni tambarare zenye joto. Ndiyo maana swali la daktari wa huko limekuwa lile lile tangu Walutheri wa Norwe walipofungua hospitali ya Haydom mwaka 1955: mtoto huyu aliyeletwa hajitambui, ana malaria au ana kitu kingine?

Kwa miaka mingi katika nchi yetu jibu lilitolewa na kiganja cha mkono. Paji la uso likiwa la moto, basi ni malaria. Sisi tuliokua miaka ya themanini tunaikumbuka klorokwini, uchungu wake na mwasho wake! Wala haukuwa ujinga. Hadubini zilikuwa chache, wa kuzitumia wachache zaidi, na malaria kali inaweza kumuua mtoto ndani ya siku moja. Heri kumpa dawa isiyohitajika kuliko kumzika. Lakini hesabu hiyo ilikuwa na shimo.

Shimo lilianikwa mwaka 2004, katika utafiti wa hospitali 10 za Kilimanjaro na Tanga, mikoa yenye milima na mabonde kama Mbulu. Kati ya wagonjwa 4,474 waliolazwa na kutibiwa malaria kali, waliokutwa na vijidudu katika damu walikuwa 2,062 tu. Hawafiki nusu. Tena wale wasio na vijidudu ndio waliokufa kwa kiwango kikubwa zaidi, na si wote waliopewa antibiotiki. Kwinini haitibu nimonia, wala homa ya uti wa mgongo.

Na aliye na malaria kweli? Hapo kuna habari ya degedege. Sehemu nyingi, hasa pwani, lilihesabiwa kuwa kazi ya shetani, na ikaaminika kwamba sindano humuua mwenye degedege. Mtoto alizungushwa kwa waganga, akafikishwa hospitali amechelewa, akachomwa sindano, akafa. Sindano ikalaumiwa, na jirani aliyeshuhudia akaazimia kutopeleka wa kwake.

Dawa yenyewe nayo ilikuwa na kasoro. Kwinini ya dripu ilitaka saa nyingi na uangalizi, na iliweza kuishusha sukari ya mtoto ambaye tayari ilikuwa imeshuka. Mwaka 2010 yalitoka matokeo ya watoto 5,425 katika nchi 9 za Afrika, wakiwamo wa Muheza na Korogwe. Waliopewa kwinini walikufa asilimia 10.9, waliopewa artesuneti asilimia 8.5. Mwaka uliofuata Shirika la Afrika... la Afya Duniani likaipendekeza artesuneti kwa watoto.

Siku hizi kipimo cha haraka kimefika hata kwenye zahanati: tone la damu, robo saa, mstari unaonekana au hauonekani. Mstari usipoonekana, na mtoto wa Yaeda bado anahema kwa shida, kazi ya mhudumu ndiyo kwanza inaanza: kuhesabu pumzi, kupima sukari, kuangalia kama shingo imekakamaa, kutafuta gari la kumfikisha Haydom.